Nijenge timu kwa makinda peke yao?

Swali: Naisuka upya timu yangu ya besiboli kwenye kompyuta. Fedha zote niziweke katika kukuza vijana?

Jibu: Nyingi, ndiyo; zote, hapana. Houston Astros walipoteza mechi 106, 107 na 111 kati ya 2011 na 2013, kisha wakatwaa ubingwa 2017. Lakini Mark Appel, chaguo lao la kwanza katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa 2013, hakuichezea Houston hata mechi moja ya ligi kuu, ilhali José Altuve, nyota wa kikosi hicho cha ubingwa, alisajiliwa kwa dola 15,000 tu. Makocha hawakuzi kipaji ambacho wasaka vipaji hawakukiona, basi wasaka vipaji nao wapate fungu lao. Utasema fedha hazitoshi: punguza mishahara ya wakongwe, maana ushindi wao wa leo hauifikishi popote timu inayojengwa.