Asiyevaa Asishuke: Vifaa vya Mwokoaji wa Mashimoni

Ndugu wananchi wa Oraba na vijiji vya mpakani, wengi wetu hatuingii mapangoni, lakini visima vilivyochimbwa kwa mikono na mashimo ya vyoo yako karibu na milango yetu. Hatari zake ni zile zile za pangoni: giza, nafasi finyu na hewa mbaya. Leo tunaeleza vifaa ambavyo kila mwokoaji hana budi kuvivaa kabla ya kushuka, hata akiwa mafunzoni tu.

Kwanza, kofia ngumu yenye ukanda wa kidevuni. Kofia isiyofungwa humtoka mvaaji pale pale anapoihitaji.

Pili, taa ya kichwani, ili mikono yote miwili ibaki huru. Waokoaji wa mapangoni hubeba taa 3, kwa kuwa ya kwanza huweza kuzimika, na ya pili pia.

Tatu, mkanda wa usalama unaoshika kiuno na mapaja. Kamba iliyofungwa kiunoni peke yake humbana pumzi anayening'inia.

Nne, glavu za ngozi, mabuti yasiyoteleza, ovaroli ya mikono mirefu, na filimbi ya kuwaita walio juu.

Tano, na hapa ndipo wengi hupotea, ni hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini ya shimo. Kitambaa usoni au barakoa ya vumbi haiongezi oksijeni hata kidogo. Kinachofaa ni mtungi wa hewa na kinyago chake. Wala mshumaa si kipimo cha kutegemewa: hauonyeshi gesi zote za sumu, na penye gesi inayowaka huweza kusababisha mlipuko.

Mwaka 2018, katika pango la Tham Luang nchini Thailand, vijana 12 na kocha wao waliokolewa wote. Hata hivyo, Saman Kunan, mpiga mbizi aliyepata mafunzo ya kijeshi, alifariki alipokuwa katika kazi ya kupeleka mitungi ya hewa. Ikiwa mtaalamu mwenye vifaa alipotea, itakuwaje kwa jirani anayeshuka mikono mitupu kwa uchungu wa ndugu yake?

Kwa hiyo, mtu akitumbukia, pigeni simu 999 au 112 bila malipo. Kikosi cha Zimamoto na Uokoaji ni sehemu ya Polisi ya Uganda. Mkingoja, zimeni pampu au jenereta iliyo karibu, kwani moshi wake una sumu. Waondoeni watu ukingoni, udongo usiporomoke. Mwiteni aliye chini kwa jina. Akiwa na fahamu, mteremshieni kamba yenye kitanzi aipitishe makwapani. Akinyamaza, msimfuate. Ukimya wake ndio onyo kwamba hewa ya huko chini haifai.

Tunajua ni vigumu kusimama ukingoni na kungoja. Lakini shimo lililomchukua mmoja lisipewe wa pili.