Vitabu vya mieleka: vidokezo 9 vya kumchagulia shabiki na kuvihakiki

Pita kibanda umiza chochote cha Soweto hapa Moshi, jioni ambayo hakuna mpira, utakuta mieleka imewekwa na ubishi umepamba moto. Huyu anaapa ngumi ni za kweli, yule anasema wamepangana tangu asubuhi. Wote wawili wana hoja, na wote wawili wangefaidi kitabu. Televisheni inaachana na mwanamieleka kengele ikishalia. Kitabu kinamfuata chumba cha kubadilishia nguo, hospitali, uwanja wa ndege, mpaka nyumbani kwa mke na watoto. Kinaeleza mgongo wake ulivyo asubuhi na nani alilipia matibabu. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kitabu cha mieleka: kinatuambia nini kuhusu mwili wa mtu na ujira wake? Kama unataka kumpendekezea mwenzako kitabu, au kukihakiki mbele ya watu, anzia hapa.

1. Muulize alimshabikia nani

Ukimuuliza mtu wa kibandani kama anapenda kusoma, atakujibu hapana na mazungumzo yataishia hapo. Muulize alikuwa upande wa nani. Shabiki wa Rey Mysterio mpe *Behind the Mask* (2009). Wa Daniel Bryan mpe *Yes!* (2015), kisa cha mtu mfupi aliyeambiwa kila siku kwamba hana umbo la bingwa. Wa Eddie Guerrero mpe *Cheating Death, Stealing Life*, lakini mwambie tarehe mbili kwanza: Eddie alifariki Novemba 13, 2005, akiwa na miaka 38, na kitabu kikatoka Desemba mwaka huohuo. Humo anasimulia vita yake na pombe na vidonge kama mtu aliyekwisha kuvuka. Ukijua hizo tarehe, kila ukurasa wa matumaini unakugusa kwa namna nyingine.

Na yule aliyekua akiamini kwamba Undertaker ana roho saba, akifa anafufuka? Huyo mpeleke moja kwa moja kidokezo cha 3.

2. Mgumu wa mlimani mpe Mick Foley

Mtaani kwetu wapo wengi wanaokula kwa nguvu za mwili. Mgumu, yaani mpagazi, anapanda Kilimanjaro na mzigo wa kampuni ambao kwa kanuni hautakiwi kuzidi kilo 20, juu yake vitu vyake mwenyewe, na analipwa kwa safari. Goti likigoma, safari hakuna, na hela hakuna. Mwanamieleka wa kampuni ya WWE naye, pamoja na taa zote zile, kwa mkataba ni mkandarasi binafsi wala si mwajiriwa. Kwa hiyo mgumu akisoma *Have a Nice Day!* cha Mick Foley (1999), yapo mambo hatahitaji kufafanuliwa.

Foley alitafutiwa mtu wa kumwandikia, hakuridhika na kazi yake, akaamua kuandika mwenyewe, kwa kalamu na karatasi. Kitabu kikapanda mpaka namba moja kwenye orodha ya *New York Times*. Humo anasimulia alivyopoteza sehemu ya sikio Munich mwaka 1994, akipambana na Vader: kichwa kilinasa kati ya kamba za ulingo zilizokuwa zimekazwa kupita kiasi, na alipojichomoa, sikio likachanika; walipoendelea kupigana, sehemu yake ikang'oka. Anasimulia pia usiku wa Juni 28, 1998, kule Pittsburgh, Undertaker alipomrusha kutoka juu ya tundu la chuma mpaka kwenye meza ya watangazaji. Akainuka, akapanda tena, akaangushwa kupitia dari la tundu hilohilo. Pambano lilipangwa. Jino lililovunjika halikupangwa.

Ukikihakiki, sema na udhaifu wake. Ni kirefu, zaidi ya kurasa 500. Visa vya barabarani vinajirudia, na vichekesho vyake vingi vinadai uwe unaijua televisheni ya Marekani ya miaka ya 1990. Mshauri msomaji aanze na sura ya Munich, kisha arudi mwanzo akishanogewa.

3. Kamala asomwe Moshi kuliko mji mwingine wowote

Hiki ndicho kitabu ninachokipigania zaidi, na nina sababu. Machi 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapahapa Moshi, wakaunda umoja wao, UNLF, na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Aprili 11, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yakaiteka Kampala, na vita vya Kagera vikamwangusha Idi Amin. Watu walikuwa wamekufa, familia zimeachwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1982, huko Memphis, Marekani, Jerry Lawler na wenzake wakatengeneza Mganda wao wa ulingoni: jitu lenye rangi kifuani na tumboni, barakoa, mkuki mkononi, miguu mitupu. Likatangazwa kuwa lilikuwa mlinzi wa Idi Amin, na likaitwa Kamala.

Aliyevalishwa hayo yote alikuwa James Harris, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1950. Kazi yake ilikuwa kuonekana hajui lugha, hajui hata namna ya kumbana mtu mabega chini ili refa ahesabu. Agosti 29, 1992, alisimama Wembley, London, mbele ya watu karibu 80,000, kupambana na Undertaker. Baadaye maishani kisukari kilimla: akakatwa mguu mmoja mwaka 2011 na wa pili mwaka 2012. Alifariki Agosti 9, 2020. Kitabu chake, *Kamala Speaks*, alichokiandika na Kenny Casanova, kinamtoa James Harris nyuma ya ile rangi, na malalamiko yake kuhusu malipo ni ya kusomwa taratibu.

Ukikihakiki, usiishie kumhurumia. Uliza ile Afrika ya mikuki ilibuniwa na nani, ikamwingizia nani fedha, na yeye aliyeibeba mwilini alibaki na nini. Muulize pia mzee yeyote wa mtaani anayekumbuka vita vya Kagera aseme anavyomwona Kamala. Uhakiki wako utakuwa na jambo ambalo mhakiki wa Marekani hawezi kuwa nalo. Kisha fungua simu uwatazame Waganda wa kweli wa Soft Ground Wrestling, vijana wa Mukono wanaorushana kwenye matope, ulingo wao ukiwa umezungushiwa mianzi, chini ya Daniel Bumba anayejulikana kama Bumbash. Linganisha mwenyewe.

4. Kisa kimoja, mashahidi wawili

Novemba 9, 1997, mjini Montreal, Bret Hart alipoteza mkanda bila kukubali kushindwa. Shawn Michaels alikuwa amemkunja miguu, Vince McMahon, bosi wa kampuni yao, akaamuru kengele ipigwe, refa Earl Hebner akatii na kukimbia. Bret hakuwa ameambiwa. Mashabiki wanaubishania usiku ule mpaka leo.

Soma *Hitman* cha Bret (2007) na *Heartbreak & Triumph* cha Shawn (2005), kimoja baada ya kingine. Kwa maoni yangu Bret ni mwandishi bora kwa mbali. Kwa miaka mingi alikuwa akirekodi sauti yake kwenye kaseti baada ya kazi, na inaonekana: anakumbuka vyumba, sauti, nani alikaa wapi. Sura zinazomhusu mdogo wake Owen, aliyeanguka kutoka juu ya ukumbi na kufa Kansas City Mei 23, 1999, ni nzito. Lakini Bret ana kinyongo, na kinyongo kina kumbukumbu ya upande mmoja. Mhakiki mwema anasema yote mawili.

5. Tazama nani kachapisha na nani kashika kalamu

Fungua kurasa za mwanzo kabla hujasifu. Kitabu kilichotolewa na kampuni ya mieleka yenyewe kitakupa picha nzuri na visa vya kuchekesha, ila bosi hatasemwa sana. Ukitaka bosi asemwe, tafuta *Ringmaster* cha Abraham Josephine Riesman (2023), kinachomchambua Vince McMahon bila kumwomba ruhusa. Jina la pili kwenye jalada, lile la maandishi madogo, ni la aliyesaidia kuandika. Litaje kwenye uhakiki wako, naye alifanya kazi. Hulk Hogan alitoa vitabu viwili vya maisha yake, cha 2002 na cha 2009. Ukivisoma viwili, viache vyote wazi mezani uvilinganishe.

6. Usiogope kusema nani alishinda

Matokeo yanajulikana, yako YouTube. Riwaya ya upelelezi ukiitoboa umeiharibu, lakini kitabu cha mieleka hakiharibiki kwa sababu hiyo. Unachotakiwa kumwachia msomaji akigundue mwenyewe ni yaliyosemwa nyuma ya pazia, hasa mazungumzo ya mwisho kati ya marafiki. Hayo dokeza tu.

7. Hakiki kwa Kiswahili, na usiongeze chumvi

Vitabu vyote nilivyovitaja viko kwa Kiingereza, na mashabiki wengi wa hapa wangependa yaliyomo wayapate kwa Kiswahili. Tunao urithi mzuri wa jambo hili. Lufufu na watafsiri wenzake wa kanda za video walikaa na filamu za ng'ambo wakazisimulia upya kwa Kiswahili, na banda zima likaelewa. Chukua ujasiri ule. Chagua sura moja, isimulie kwa dakika kumi kabla mieleka haijaanza, mwenye banda akiridhia. Taja mwaka, taja mji, taja kiungo kilichovunjika.

Tofauti ni moja. Mtafsiri wa filamu aliruhusiwa kuongeza vikorombwezo ili watu wacheke. Wewe unazungumzia maisha ya mtu aliyekuwepo, wengine wameacha wajane na watoto walio hai. Kama Foley hakusema, usimsemee. Mahali unapotoa maoni yako, sema wazi ni yako: "mimi naona", kisha endelea. Watu wataubishia uhakiki wako kuliko unavyotarajia, na hilo ni jema.

Usitafsiri majina ya vitabu kienyeji ukayaacha hivyo, maana mtu akienda kutafuta hatakiona kitabu. Andika jina lake halisi na la mwandishi kwenye karatasi, au mtumie kwa simu.

8. Dada zetu wana vyao, watoto wasubiri baadhi

Kibandani wasichana ni wachache, nyumbani wanaotazama mieleka ni wengi. *Crazy Is My Superpower* cha AJ Mendez (2017) kinahusu umaskini wa utotoni na ugonjwa wa akili, na kimeandikwa kwa uwazi ambao wanaume wengi wa ulingoni hawajaufikia. *The Man* cha Becky Lynch (2024) ni chepesi zaidi na kina furaha nyingi.

Kwa watoto uwe mwangalifu. Vitabu vinavyohusu Chris Benoit, aliyemuua mkewe na mtoto wao kisha akajiua Juni 2007, ni vya watu wazima, tena watu wazima walioambiwa mapema wanachokwenda kukisoma. Foley ni wa kidato cha nne kwenda juu. Na ukimpa kijana kitabu chochote kati ya hivi, keti naye mzungumzie kichwa na shingo, kwa sababu mchezo wa kurushana kwenye magodoro anaujua tayari.

9. Pa kukipata, na namna ya kukiazimisha

Moshi ina bahati yake. Wageni wanaokuja kupanda mlima, na wale wanaojitolea shuleni na hospitalini ambao wengine hupanga hukuhuku Soweto, huacha vitabu wanapofunga mabegi. Ongea vizuri na dada au kaka wa mapokezi kwenye hosteli, mwachie orodha yako fupi. Maktaba ya mkoa nayo uiulize. Ombi lililoandikwa lina nafasi kuliko manung'uniko. Wauza vitabu vya mitumba wape majina ya waandishi badala ya kuwaambia "cha mieleka", maana vingi hukaa kwenye rundo la vitabu vya maisha ya watu maarufu.

Kabla hujalipa, fungua katikati. Wasifu wa wanamieleka mara nyingi una kurasa za picha zenye karatasi ya kung'aa, na hizo ndizo huchanwa kwanza. Zikikosekana, punguziwe bei. Pindua pia uti wa kitabu: gundi ikiwa imekauka, kurasa zitaanza kudondoka kuanzia hapohapo kwenye picha. Funika jalada kwa nailoni au gazeti.

Kuazimisha ni sehemu ya kupendekeza, kwa hiyo azimisha. Andika jina lako ukurasa wa kwanza, na ndani ya jalada la nyuma weka mistari ya majina: nani kachukua, lini, na neno moja la maoni yake akirudisha. Mgumu anayepanda kesho asipewe Foley leo, atakirudisha kimelowa. Mpe akishuka, akiwa na siku zake za kupumzika.