Deni Hutangulia Urithi

Ndugu zetu Waislamu, kukopa kwa haja si dhambi. Dhambi ni kuichezea haki ya aliyekukopesha. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, yaamrisha deni liandikwe. Basi twawausia mume na mke waketi pamoja, waandike yote: la dukani, la karo, la arusi na la simu.

La simu likatwe kwanza. Mikopo hiyo ilipoingia Kenya mwaka 2012 ilitozwa asilimia 7.5 kwa siku 30: katika shilingi 4,000, ni 300. Aurudiaye kila mwezi hutoa 3,600 kwa mwaka, na deni li pale pale. Na iitwe ada. Sisi twaijua kuwa ni riba.

Kisha tutazame matumizi yetu. Leso za sare na karamu za matanga si faradhi. Kulipa deni ni faradhi. Asiyeweza amwendee mdai wake kabla ya muda, aombe nafasi. Naye mdai amngoje.

Mtu akifa, warithi hawagawani kitu mpaka deni lilipwe. Tusiache nyumba ya mayatima ikauzwa kwa biriani iliyokwisha kuliwa zamani.