SOMO LA UFUNDI: KUCHAGUA VOLTI ZA UMEME WA BETRI KWA MITAMBO YA MTANDAO

Utangulizi

Zamani katibu wa chama cha msingi alihitaji vitu vitatu katika msimu wa mavuno: mizani iliyokaguliwa, kitabu cha stakabadhi na kasha la fedha. Siku hizi kimeongezeka cha nne, nacho ni mawasiliano. Minada ya mazao kadhaa huendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na taarifa za vyama hupelekwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa mfumo wa MUVU. Mtandao ukizimika siku ya mnada, ghala huwa limejaa dengu lakini katibu hana habari ya bei.

Kwa sababu hiyo vyama vingine hufikiria kuunganisha ofisi na ghala kwa redio ndogo za mtandao zinazotumia betri na sola. Swali la kwanza la kuamua ni moja: mtambo utumie volti 12, 24 au 48? Swali hili si la fundi peke yake. Ni la Bodi pia, kwa kuwa kosa lake hulipwa kwa fedha za wanachama.

Umeme unaozungumziwa

Betri na paneli za sola hutoa mkondo nyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Redio za mtandao nazo hutumia umeme wa namna hiyo. Kuupitisha kwanza kwenye inveta ili uwe wa volti 230, kisha kuurudisha chini kwa chaja ya redio, ni kupoteza mara mbili, maana kila mageuzi hula sehemu ya umeme. Ni sawa na kumwaga alizeti gunia hadi gunia: kila mara chache hubaki chini.

Mfano wa Mtinko

Ichukuliwe kwamba chama katika kata ya Mtinko, Mkoa wa Singida, kinataka kuweka redio zenye jumla ya wati 24 juu ya mlingoti. Betri ziko ofisini, na waya hadi kwenye redio una urefu wa mita 30. Umeme huenda na kurudi, hivyo waya wenyewe ni mita 60. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 wenye urefu huo una ukinzani wa omu 0.7 hivi.

Wati zikigawanywa kwa volti hupatikana ampea. Ampea zikizidishwa kwa ukinzani hupatikana volti zinazopotea njiani. Basi:

Kwa volti 12: ampea 2, hupotea volti 1.4, yaani karibu 12 katika kila 100.
Kwa volti 24: ampea 1, hupotea volti 0.7, yaani karibu 3 katika kila 100.
Kwa volti 48: ampea 0.5, hupotea volti 0.35, yaani chini ya 1 katika kila 100.

Volti zikiongezwa mara mbili, sehemu inayopotea hupungua mara nne. Hapo ndipo kiini cha somo hili.

Ikumbukwe pia kwamba betri ya asidi ya volti 12 haikai kwenye 12. Ikichajiwa hufika 14.4, na ikichoka hushuka hadi 11 au chini yake. Usiku wa manane, baada ya siku ya mawingu, redio ya mfano huu itapata chini ya volti 10, na isiyokubali kiwango hicho itazimika ingawa betri bado ina akiba.

Volti hazibadili ukubwa wa akiba

Wati 24 kwa saa 24 ni wati-saa 576 kwa siku. Akiba ya siku mbili, bila kuitumia betri zaidi ya nusu, ni wati-saa 2,304. Betri mbili za volti 12 na ampea-saa 100 hutoa 2,400. Zikiunganishwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, huwa volti 24. Gharama ya betri ni ile ile. Kinachookolewa ni waya.

Uchaguzi

Waya ukiwa mfupi, mita chache tu, na redio ikiwa moja, volti 12 zatosha. Kwa mfano wa Mtinko, volti 24 ndizo zinazofaa. Volti 48 zafaa mitambo ikiwa mingi au waya ukiwa mrefu zaidi. Ndizo zilizotumika tangu zamani katika vituo vya simu, na minara ya simu za mkononi huzitumia hadi leo.

Mambo ya kuepuka

1. Kununua redio kabla ya kusoma kibandiko chake. Redio ya volti 24 ikipewa 48 huweza kuungua mara moja.
2. Kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili zilizofuatana. Betri hiyo huchoka mapema na kuiharibu ya pili. Kitumike kifaa cha kushusha volti.
3. Kuunganisha mitambo na ya kampuni ya simu bila kuuliza. Kwa desturi wao hufunga upande wa chanya kwenye ardhi, si hasi.
4. Kutumia fyuzi isiyo ya mkondo nyoofu. Cheche za umeme huu hazizimiki upesi, nazo huleta moto.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Waya wa chama chenu utakuwa na mita ngapi, kwenda na kurudi?
2. Redio zikiwa za wati 48, ampea ni ngapi kwa volti 24, na zitapotea volti ngapi katika waya wa mfano?
3. Je, hati ya zabuni ya chama inataja volti, au imemwachia muuzaji aamue?

Kuuliza si ujinga. Bodi iulize kabla ya kutia sahihi, wala isingoje siku ya mnada.