Kukhu Asikutie Hofu ya Sindano ya Mgongo

Mdogo wangu wa Kibomet, barua yako nimeisoma mara mbili. Mtoto anachemka homa, shingo imekaza, daktari anataka kumtoa maji ya mgongo, na kukhu, yaani nyanya, anapiga simu kutoka Bungoma: "Wakimdunga hapo, atapooza." Ukakataa kutia saini. Sikulaumu. Mama gani asiyetetemeka akiiona sindano ile? Lakini keti hapa nikwambie.

Damu yetu ina chembe nyeupe, askari wa mwili. Bakteria wakivamia utando unaofunika ubongo, askari hao huitana, wakamiminika huko kwa maelfu. Ndiyo homa ya uti wa mgongo. Wanapigana kweli, ila sumu wanazomwaga hazichagui adui. Fahali wawili wakipigana nyasi huumia, na nyasi hapa ni ubongo wa mtoto. Ubongo hufura, na fuvu ni mfupa, halina pa kutanukia. Hapo huja degedege, hapo masikio huziba, mengine yasifunguke tena. Kwa hiyo ulemavu anaouogopa kukhu, mdogo wangu, huletwa na ugonjwa uliocheleweshwa. Sindano inasingiziwa. Huingia kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na daktari akiona ubongo umefura mno, yeye mwenyewe huiahirisha na kuanza dawa.

Matone yale machache yanasema mengi. Ya mtu mwenye afya ni maangavu kama maji ya kunywa. Yakitoka na ukungu, yamejaa askari waitwao neutrofili, mara nyingi ni bakteria. Wakizidi limfosaiti, daktari atafikiria virusi au TB, na TB ya ubongo hutibiwa pamoja na steroidi, kuwatuliza askari wenyewe. Dawa hazifanani! Sasa unataka abahatishe? Damu nayo ipimwe, maana malaria ya kichwani huja na degedege vilevile.

Na ile nusu dozi ya antibiotiki uliyonunua kemisti, hapo nakukemea. Huwaficha bakteria maabara wasiwaone, na ugonjwa unabaki palepale. Mwambie daktari ulimpa nini, usione haya.

Na mdogo wa mtoto huyo je, kliniki amepelekwa? Chanjo ya Hib Kenya imekuwapo tangu 2001, ya nimokoka tangu 2011, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Zote mbili husaidia kuzuia homa hii.

Rudi wodini sasa hivi, utie saini. Kukhu mpigie ukiwa na daktari, amweleze mwenyewe.