SOMO LA VIKUNDI: NJIA YA MGUU NI MALI YA KIJIJI



Somo letu la safari hii ni juu ya kitu ambacho kila kijiji kinacho, lakini hakuna mweka hazina anayekiandika katika daftari la mali. Kitu hicho ni njia ya mguu. Tunahesabu mbuzi, mizinga ya nyuki na viti vya kukodisha. Ile njia inayofuata mto, au ile inayopanda kilima kwenda kanisani na sokoni, hatuihesabu. Halafu siku moja tunaamka na kukuta ua umepigwa katikati, au jembe limelima mpaka kwenye maji. Watoto wanaanza kupita barabara kuu pamoja na malori na matatu. Hapo ndipo tunajua tulikuwa na mali.

Tutakwenda kwanza mpaka Ulaya, kwenye bonde moja ambako watu kutoka nchi nyingi huja kukimbia kando ya mto. Kisha tutarudi nyumbani, tuone Iten. Mwisho tutaangalia njia zetu wenyewe. Msomaji mmoja asome kwa sauti, sehemu moja baada ya nyingine. Kabla ya kuanza, mtu afungue Mithali 22:28, juu ya alama za mipaka.

1. BONDE LA WACHAU

Austria ni nchi ya Ulaya isiyo na bahari, lakini ina mto mkubwa, Danube. Kati ya miji ya Melk na Krems mto huu unapita katikati ya vilima kwa kilomita 36 hivi. Sehemu hiyo inaitwa Wachau. Chini ni maji, juu ya maji ni vijiji, na juu ya vijiji ni mashamba ya mizabibu yaliyokatwa kama ngazi mpaka karibu na kilele.

Tuchukue njia ya kutoka kijiji cha Spitz mpaka Krems, kama vile mkimbiaji anavyoiona. Mto uko upande wake wa kulia. Hapo Spitz kuna kilima wanachokiita Mlima wa Ndoo Elfu, kwa maana mwaka wa mavuno mazuri mizabibu yake ilitoa ndoo elfu moja za divai. Baadaye anafika Weißenkirchen, kijiji chenye kanisa lililozungushiwa kuta nene, kwa sababu zamani watu walikimbilia humo wakati wa vita. Akiendelea anaona mnara wa kanisa wa rangi ya samawati na nyeupe. Hapo ni Dürnstein. Juu ya mwamba kuna magofu ya ngome ambamo Mfalme Richard wa Uingereza alifungwa mwishoni mwa mwaka 1192, alipokuwa akirudi kutoka vita vya msalaba. Jeshi la Sweden liliibomoa ngome hiyo mwaka 1645, na mawe yake yamebaki hivyo hivyo mpaka leo. Kutoka hapo mkimbiaji anashuka polepole mpaka Krems.

Tangu mwaka 1998 kuna mashindano ya mbio katika bonde hilo. Nusu marathoni, yaani kilomita 21 na kidogo, huanza Spitz na kumalizika Krems. Wakenya wamekwenda huko na kushinda. Lakini siku ya mashindano ni moja tu kwa mwaka. Siku zile nyingine wageni wanakuja tu wenyewe, wengine kukimbia, wengine kutembea, wengine kwa baiskeli. Kwa wenye nguvu kuna njia ya juu vilimani, kilomita 180, inayozunguka bonde zima pande zote mbili za mto. Imegawanywa katika sehemu 14, ili mtu achague ile anayoiweza.

2. NANI ALITUNZA?

Mtu anaweza kusema, "Basi, hao Mungu aliwapa mahali pazuri." Ni kweli, na sisi pia tumepewa. Lakini hebu tuangalie kazi iliyofanywa na mikono.

Kwanza, kuta za mawe. Vilima vile ni vikali. Miaka elfu na zaidi iliyopita, watawa walianza kufyeka msitu na kupanda mizabibu. Huko Melk watawa Wabenediktini wapo tangu mwaka 1089. Ili udongo usishuke mtoni, watu walijenga kuta za mawe makavu bila saruji, jiwe juu ya jiwe. Maji ya mvua hupenya katikati ya mawe, na ukuta hausukumwi. Mahali pengi trekta haiwezi kufika, kwa hiyo kazi ni ya mkono. Ukuta ukibomoka baada ya mvua, mwenye shamba anaujenga tena. Wenzetu wa Ukambani wanaijua kazi hii. Vikundi vya mwethya vilichimba matuta ya "fanya juu" huko Machakos kwa majembe, na vilima vilivyokuwa vimechubuka vikarudi kutoa chakula. Wachau na Machakos walijifunza jambo moja: kilima kisiposhikwa kitaondoka.

Pili, kulikuwa na bwawa. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na mpango wa kujenga bwawa la umeme katika Wachau. Umeme ni kitu kizuri, hakuna anayekataa. Lakini mto ungesimama na kuwa kama ziwa, na kingo zake zingebadilika. Wenyeji walikaa, wakapima faida na hasara, wakaunda kikundi cha kulinda bonde lao. Walibishana na wakubwa kwa miaka, mpaka mpango ukaachwa. Leo ni sehemu mbili tu za Danube katika Austria ambazo maji bado yanakwenda huru, na Wachau ni moja. Ukitaka kujua maana yake, tazama kivuko cha Spitz. Hakina injini. Kimefungwa kwenye waya uliovuka mto, na mkondo wa maji ndio unaokisukuma kutoka ng'ambo hii mpaka ile. Mkondo ungekufa, kivuko nacho kingekufa.

Tatu, masharti. Mwaka 1983 wakulima wa zabibu waliunda chama chao, Vinea Wachau, na kuandika masharti ya divai yenye jina la bonde lao. Asiyefuata hana ruhusa ya kutumia alama ya chama. Kwa njia hii jina la Wachau halikuharibiwa na mtu mmoja mwenye haraka ya pesa.

Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliingiza Wachau katika orodha ya urithi wa dunia. Angalieni mfuatano wa mambo. Sifa ilikuja mwisho. Kazi ilitangulia kwa mamia ya miaka.

3. PESA INAINGIA NYUMBA GANI?

Hili ndilo swali ambalo kikundi lazima kiulize kila mara. Mgeni akija kukimbia, pesa yake inaishia wapi? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji gani?

Huko Austria kuna desturi ya zamani, iliyotiwa nguvu na amri ya mfalme mwaka 1784, kwamba mkulima wa zabibu anaweza kuuza divai yake mwenyewe na chakula nyumbani kwake. Siku anapofungua, hutundika kichaka cha matawi au shada la majani makavu mlangoni. Mpita njia akiona shada, anajua leo nyumba hii inakaribisha. Hawafungui wote mwaka mzima. Huyu anafungua majuma haya, yule majuma mengine. Mkimbiaji anayemaliza njia anakaa kwenye benchi la mkulima, anakula mkate na nyama ya mkulima, na pesa inabaki katika boma lile.

Wasomaji wetu ambao hawagusi pombe wasidhani somo limewapita. Bonde hilo linajulikana pia kwa aprikoti, tunda la manjano lenye kokwa moja. Wanauza mbichi mwezi wa Julai, na mwaka mzima wanauza jemu na maji yake. Jina la aprikoti za Wachau linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, hivi kwamba mtu wa mbali hawezi kulibandika kwenye matunda yake.

4. TURUDI NYUMBANI: ITEN

Hatuhitaji kupanda ndege ili kuona jambo hili. Iten iko kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, urefu wa mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Shule ya wavulana ya St. Patrick's ilianzishwa huko na Mabradha wa Patrician katika miaka ya 1960, na mwaka 1976 alifika Bradha Colm O'Connell kutoka Ireland. Alikuja kufundisha darasani, akawa mwalimu wa mabingwa wa mbio. Baadaye bingwa wetu Lornah Kiplagat alijenga kituo cha mazoezi huko. Leo wakimbiaji wanatoka Ulaya, Marekani na Asia kuja kukaa Iten kwa majuma na miezi.

Wanakuja kutafuta nini? Hewa ya juu, ndiyo, na wenzao wa kukimbia nao. Lakini pia wanatafuta njia: udongo mwekundu usioumiza magoti kama lami, vilima, kivuli cha msitu, na bonde linaloonekana chini kama ramani. Njia hizo hazikujengwa kwa ajili yao. Ni za watu wa huko, za kupeleka maziwa na kwenda shule. Kwa sababu zipo, kuna mama anayeuza mayai, kijana anayeongoza wageni, na mwenye nyumba anayekodisha chumba.

Tusidanganyane. Si kila kijiji kitakuwa Iten. Kikundi kikilima njia kwa kungojea mzungu, kitachoka. Wa kwanza kufaidi ni mtoto anayekwenda shule bila kuogopa lori, mama anayeteka maji bila kuteleza, na mzee ambaye daktari amemwambia atembee kila siku kwa sababu ya sukari au presha. Mgeni akija, ni nyongeza.

5. HATUA ZA KUFUATA

(a) Tembeeni njia pamoja, wazee na vijana, wanaume kwa wanawake. Wazee waseme njia ilipita wapi zamani, na jina la kila mahali. Mtu aandike. Kisima, mti wa baraza, kaburi la mkutano, kanisa la kwanza: hizo ndizo Dürnstein zetu.

(b) Pimeni. Kamba ya mita 50 ikivutwa mara 20 ni kilomita moja. Wekeni jiwe lililopakwa chokaa kila kilomita.

(c) Zungumzeni na wenye mashamba kabla ya kugusa kitu. Makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi mbele ya naibu wa chifu. Usikate ua wa mtu usiku kwa jina la maendeleo.

(d) Jueni sheria ya ukingo. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mto kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, kutoka pale mafuriko makubwa yalipofika. Muulizeni afisa wa maji kipimo cha mto wenu. Ukingo ukiachwa na nyasi, mto unapona na njia inapatikana palepale.

(e) Toeni maji njiani. Adui wa njia ya kilimani ni mvua. Wekeni mistari ya mawe inayokata njia mshazari, ili maji yatoke pembeni kabla hayajapata mbio. Kila baada ya mvua kubwa, mtu mmoja aikague.

(f) Kama kutakuwa na wageni, kubalianeni mapema: nani anauza nini, siku gani, na sehemu gani inaingia katika mfuko wa kutengeneza njia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

6. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni njia gani katika kijiji chetu zimefungwa tangu tulipokuwa watoto? Ni nani ameumia zaidi?
2. Watu wa Wachau walikataa bwawa. Je, sisi tungekataa? Tungehitaji kujua nini kwanza?
3. Kama mgeni angekuja kesho, pesa yake ingeingia nyumba ngapi?
4. Kuna mtu katika kikundi chetu ambaye amelima mpaka majini? Tutazungumza naye vipi bila kumwaibisha?
5. Ni kazi gani moja tunaweza kuimaliza kabla ya mvua ijayo?

Msiondoke katika mkutano bila kujibu swali la tano. Katibu aandike kazi, siku, na majina ya watakaoifanya. Kisha, katika ukurasa wa mali ya kikundi, chini ya mbuzi na viti, aongeze mstari mmoja: njia ya mguu, kilomita kadhaa, ya watu wote.