Somo la Kiingereza: "Asylum seeker" na "Refugee"



Sisi kila aliyekimbia nchi yake tunamwita mkimbizi. Lakini kwenye fomu za Kiingereza kuna maneno mawili, na tukiyachanganya, majibu yetu hayatalingana na faili.

"Asylum seeker" ni mwomba hifadhi: ameomba kulindwa na bado anangoja jibu. "Refugee" ni mkimbizi. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtaja kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa kuogopa, kwa sababu za kweli, kuteswa kwa ajili ya rangi, dini, uraia, kundi lake au siasa. Mkataba wa OAU wa 1969 uliongeza wanaokimbia uvamizi na machafuko makubwa.

Kabla ya mahojiano, kila mmoja asome karatasi yake, maana hata ndani ya familia moja hali zaweza kutofautiana. Anayengoja aseme: "I am an asylum seeker." Aliyetambuliwa aseme: "I am a refugee."

Tusimdharau anayengoja. UNHCR yenyewe inafundisha kwamba uamuzi haumgeuzi mtu kuwa mkimbizi. Unathibitisha tu kwamba alikuwa mkimbizi tangu mwanzo. Yosefu na Mariamu walipomkimbiza Mtoto Yesu Misri (Mathayo 2:13-15), hatusomi kwamba walikuwa na karatasi yoyote, lakini Mungu aliwajua.

Zoezi: Nyumbani, kila mtu aseme sentensi yake kwa sauti mara tatu.